Panya Waliokula Bukari ya Mke Wangu

Mimi nina wivu, na sijawahi kuuficha. Mke wangu Pétronille anaujua tangu siku ya harusi yetu kule Bukavu, nilipomkuta akicheka na mpiga picha. Nilimfukuza yule kijana na nikaamuru picha zilizobaki zipigwe na mjomba wangu, mtu ambaye hakuwahi kushika kamera maishani mwake. Ndiyo maana katika nusu ya picha za harusi yetu watu hawana vichwa. Nasema haya mapema ili msishangae mkisikia kwamba mwaka ule kiwanda chetu kilipofungwa, mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, nilimwonea wivu mwanamume aliyekuja kuua panya.

Naitwa Jean-Baptiste Kyungu, mzaliwa wa Likasi. Nilipofika Brussels nilianza kwa kuosha vyombo, nikabeba matofali, kisha nikapata kazi katika kiwanda cha magari kule Forest. Nilikaa humo miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ilikuwa milango ya kushoto. Gari linapita mbele yangu, nafunga mlango wa kushoto, linakwenda; linakuja jingine. Mtu anaweza kucheka, lakini hata leo nikisimama barabarani na gari la kiwanda chetu likapita, macho yangu yanakwenda kwenye mlango wa kushoto kwanza. Nilipotimiza miaka ishirini walinipa kikombe cha bluu chenye jina langu. Kiwanda kilipofungwa walinipa karatasi nyingi, lakini kile kikombe ndicho nilichokiweka mahali pa heshima, kwenye rafu ya jikoni, na hakuna aliyekinywea ila mimi.

Tunakaa Ganshoren, mtaa mtulivu ambapo ukikohoa kwa nguvu jirani anafungua pazia. Nyumba ni ndogo ila nyuma ina bustani. Binti yetu Jémima anasoma Liège, kwa hiyo tumebaki wawili. Bustani ni ya Pétronille: lenga-lenga, yaani mchicha, matembele, maharage yanayopanda juu ya miti, maboga ambayo majani yake anayapenda kuliko maboga yenyewe. Mwenyewe anafanya kazi katika nyumba ya wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Anatoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Na kabla ya kutoka anasonga bukari, ugali wa kwetu Kongo. Amefanya hivyo miaka yote. Nilipokuwa na kazi, niliibeba ndani ya bakuli lililofungwa kwa kitambaa, na saa tano na nusu, kengele ya mapumziko ikilia, nilikuwa nafungua kile kitambaa katikati ya Dady, mtu wa Kolwezi, na Mathieu, Mbelgiji ambaye tulimfundisha kukata tonge kwa mkono mpaka akatushinda. Tulikula watatu bakuli moja. Tulikuwa tunapiga kelele kuzishinda mashine ili tusikiane.

Baada ya kufungwa kiwanda Pétronille hakubadilisha kitu. Alisonga bukari, akaweka na samaki au maharage pembeni, akafunika kwa kitambaa, akaacha mezani. Saa tano na nusu nilikaa mbele ya ile sahani. Nyumba kimya. Nilikata tonge, nikaliviringisha, nikaliweka mdomoni, likagoma kushuka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu sikujaribu. Nilivaa koti, nikachukua tramu mpaka Simonis, metro mpaka Midi, kisha tramu nyingine mpaka Forest, nikafika mbele ya geti la kiwanda lililofungwa kwa mnyororo. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha mama mmoja anayeitwa Naïma, anayeuza mikate yenye omeleti na pilipili ya harissa. Nilimkuta Dady ameketi pale. Baada ya wiki akaja Mathieu. Hatukuwa tumeambizana. Tangu hapo tukawa tunakutana saa tano na nusu kila siku, tunakula mkate wa Naïma, tunaangalia geti.

Ningemwambia nini Pétronille? Kwamba mwanamume mzima anapanda tramu mbili na metro kwenda kuangalia mnyororo? Nilinyamaza. Na kwetu mwanamume asiyekula chakula cha mke wake anaulizwa swali moja tu, nalo ni hili: anakula kwa nani. Kwa hiyo sahani ilikuwa lazima irudi tupu. Mfuko wa rangi ya machungwa, ule wa kutupia mabaki ya chakula, Pétronille ndiye anayeufunga na kuutoa nje, angeona. Nikapata njia. Mwisho wa bustani kuna sanduku la mboji nililolitengeneza mwenyewe kwa mbao. Nikawa nageuza sahani humo, nafunika kwa nyasi, naosha sahani. Sikuona ubaya. Nilipokuwa mtoto Likasi tulikuwa tunawatupia kuku mabaki nyuma ya nyumba na hakuna aliyelalamika. Hapa Ganshoren hakuna kuku, na mimi sikujiuliza anayekula ni nani.

Jibu lilikuja mwezi wa sita. Nilikuwa nimerudi tu kutoka Forest, Pétronille naye ameshatoka kazini, anachuma mboga. Akaingia jikoni haraka, ameshika ndara mkononi.

"Papa Jémima, kuko panya mu lenga-lenga. Iko mukubwa sawa mutoto ya mbwa. Iliniangalia, haikukimbia."

"Acha, nitaiua miye," nikasema.

"Haiko moya. Nimesha kupigia commune. Batatuma muntu mardi."

Hapo ndipo nilipochomwa mara ya kwanza. Nyumba ina mwanamume. Mwanamume yuko humo mchana kutwa, hana pa kwenda, kwa jinsi mke wake anavyojua. Panya anatokea, na mke anapiga simu manispaa bila hata kuniuliza. Zamani angesema: mungoje baba atoke kazini. Sasa baba hatoki kazini, basi hangojewi.

Jumanne akaja. Nilitegemea Mbelgiji mzee mwenye mafua. Nikafungua mlango nikamkuta Mwafrika mrefu, miaka arobaini na kitu, ovaroli ya kijani iliyopigwa pasi, viatu vya mpira, beji kifuani, begi begani. Ovaroli yenyewe ilikuwa na mstari wa pasi kwenye suruali. Nani anapiga pasi ovaroli ya kuulia panya?

"Bonjour papa. Njo hapa mulipiga simu juu ya mapanya?"

Aliisema kwa Kiswahili, maana alikuwa ameshaona jina letu kwenye kengele. Anaitwa Patient. Pétronille akatoka jikoni aliposikia sauti.

"We ni mutu wa wapi?" akamuuliza.

"Miye ni wa Uvira, maman."

"Uvira! Mama yangu mudogo aliolewaka kule, Kavimvira."

"Kavimvira? Mi nilisoma Kavimvira. Alors, tuko famille."

Tuko famille. Dakika mbili hazijaisha, mguu mmoja bado uko nje, na ameshakuwa famille. Mimi wa Likasi nimemwoa huyu mwanamke miaka ishirini na sita, na kaka zake wa Bukavu mpaka leo wananiita yule Mkatanga, mtu wa mkoa mwingine.

Alikwenda bustanini, akapiga magoti, akaweka shavu karibu na ardhi, akaangalia. Sitamnyima haki yake: anajua kazi. Alituonyesha vijia vya panya kwenye nyasi, vyembamba, vimelainishwa na kupitwapitwa. Alituonyesha shimo chini ya kibanda cha majembe na jingine kando ya ukuta. Alikuwa anaeleza polepole, mikono inaonyesha, na Pétronille anamfuata nyuma akisema "ahaa", "ahaa", sauti ambayo mimi sijaisikia tangu nilipomweleza jinsi mlango wa gari unavyopimwa, mwaka ule nilipoanza kazi. Akaweka visanduku vitatu vyeusi vyenye sumu ya bluu ndani, akaandika kwenye karatasi, akasema atarudi kila Jumanne mpaka viguswe.

Kisha mke wangu akampikia chai, akaimimina kwenye kikombe cha bluu.

Nilikiona kikitoka jikoni mikononi mwake. Nilifikiri ananiletea mimi. Kikanipita. Patient akakipokea kwa mikono miwili, adabu tele, akakigeuza, akasoma jina na miaka yangu ishirini ya kiwandani.

"Jean-Baptiste. Njo papa?"

"Njo miye," nikasema.

"Vingt ans mu usine. Félicitations, papa."

Akanywa. Alikunywa chai yangu yote mpaka chini, na mdomo wake ulikuwa juu ya jina langu. Alipoondoka nilikiosha kile kikombe mara mbili. Pétronille akaniuliza kwa nini natumia sabuni nyingi hivyo. Nikamwambia huyo mtu anashika sumu mchana kutwa.

Nitasema wazi kilichoniuma, maana usiku ule nilikilalia na asubuhi nikakikuta. Si ule urefu wake, wala hiyo Kavimvira. Ni kwamba yule mtu alikuwa na beji. Alikuwa na saa ya kuingia na saa ya kutoka, na watu wanamngoja. Pétronille alimwangalia kama alivyokuwa akiniangalia mimi nilipokuwa narudi na mafuta ya mashine kwenye kucha. Nilimwonea wivu kwa mke wangu na nilimwonea wivu kwa kazi yake, na sikuweza tena kutenganisha wivu huu na ule.

Nikaamua kuwamaliza panya mwenyewe kabla ya Jumanne. Panya wakiisha, ovaroli haina sababu ya kuja. Nilinunua mitego mitatu, nikapaka siagi ya karanga, nikaipanga kwenye vile vijia. Nikaziba mashimo kwa saruji na vipande vya chupa. Jumatatu mitego ilikuwa imelambwa safi, siagi hakuna, panya hakuna. Panya walichimba mashimo mapya hatua moja pembeni ya saruji yangu. Jumanne asubuhi, nikiutega upya ule wa tatu, ukanifyatukia kidoleni. Nilipiga kelele, na ndipo kengele ya mlango ikalia.

Patient ndiye aliyenifunga kidole. Alikuwa na bendeji kwenye begi, dawa, mkasi mdogo, kila kitu. Pétronille alisimama pembeni ameshika beseni la maji.

"Papa, hii mitego ni ya souris, panya mudogo," akaniambia taratibu, kama ninavyofikiri mke wangu anavyosema na wazee wake. "Panya ya Bruxelles inaichezeaka tu. Muniachie kazi."

"Mwachie kazi," Pétronille akarudia.

Na hapo nikatambua jambo. Ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, na mke wangu yuko nyumbani. Jumanne iliyopita pia. Siku hiyo ya kwanza alisema amepewa mapumziko, sikutilia maanani. Sasa nikamwangalia: kitenge kipya, nywele zimesukwa. Patient alipoondoka nilimuuliza.

"Mama Jémima, juu ya nini sasa mardi zote uko ku nyumba?"

"Nilibadirisha horaire ya kazi na Ornella, mwenzangu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kupumuzika," akasema, na alisema akiwa amenipa mgongo, anapanga vijiko ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Nilikuwa namjua Pétronille. Akisema kweli anakutazama mpaka wewe unaona haya. Mgongo wake ulinitosha kabisa. Kuanzia hapo sikwenda Forest Jumanne hata moja. Nilikaa bustanini kwenye kiti changu, miguu nimeipanua, jembe pembeni, nikamlinda mke wangu dhidi ya mtu wa manispaa. Tulikula watatu siku hizo, maana Pétronille hawezi kumwacha mtu aondoke na njaa. Nilikula sana, zaidi ya Patient, kwa makusudi. Nilihakikisha tonge langu ni kubwa kuliko lake. Siku nyingine zote niliendelea kwenda kwa Naïma, na bukari iliendelea kwenda kwenye sanduku la mboji.

Kwa hiyo mnaona nilivyokuwa. Jumanne nakaa nalinda, Jumatano mpaka Jumatatu nawalisha panya wanaomleta. Sikuona. Dady aliniambia baadaye kwamba hata Mathieu angeona.

Jumanne ya tano Patient alifungua visanduku vyake kimoja kimoja, akavifunga, akakuna kichwa.

"Sumu yangu haiguswe," akasema. "Quatre semaines, mwezi muzima, hata kidogo. Na panya ziko, njia ziko mupya. Bon. Donc ziko na kitu ingine ya kula. Kitu ya muzuri kuliko yangu."

Alianza kuzungukia bustani. Aliangalia chini ya maharage. Aliangalia kwa jirani juu ya ukuta. Kisha akasimama mbele ya sanduku la mboji, akavuta hewa puani.

"Kule kuko majani tu," nikamwambia.

Alikuwa ameshainua kifuniko. Aliondoa nyasi za juu kwa fimbo yake, akaondoa za pili, kisha akachuchumaa. Bukari zilikuwa humo. Zilikuwa bado na umbo la bakuli, duara chini na bapa juu, moja juu ya nyingine, nyeupe, za kijivu, nyingine za kijani kwa ukungu, na katikati yake panya wamepitisha njia kama wachimbaji wa Likasi. Na pembeni, kimefungwa ndani ya nyasi, kitambaa. Kile cha maua mekundu alichokidarizi mama mkwe wangu. Pétronille alikuwa anakitafuta tangu Pentekoste na nilimsaidia kukitafuta.

"Maman, kuya uone," Patient akaita, anacheka bado. "Mapanya yenu inakulaka bukari."

Alipogeuka akauona uso wangu, akaacha kucheka. Lakini Pétronille alikuwa anakuja, mikono imelowa maji ya mboga. Akainama. Aliangalia muda mrefu. Akachukua kile kitambaa kwa vidole viwili, akakikung'uta, akakikunja mara nne ingawa kilikuwa kimeoza. Ndipo akanitazama.

"Papa Jémima," akasema. "Unakulaka kwa nani?"

Patient akaanza kukusanya vitu vyake. "Bon, mi nitapita mardi ingine," akasema, akaondoka na fimbo, akasahau begi, akarudi kulichukua bila kumwangalia mtu. Ilikuwa mara ya kwanza kutamani abaki.

"Unafikiri sijuake?" Pétronille akaendelea. Hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Koti yako inanukaka vitunguu na harissa. Miye nilisha kupika harissa siku gani? Jioni hauna njaa. Njo maana nilibadirisha horaire na Ornella. Nilitaka nikukamate. Na kila mardi nikibakia, we unaikala pale ku kiti na jembe, unamuangalia ule muntu ya batu sawa polisi."

Nitaungama jambo ambalo si zuri. Nilifurahi. Nilisimama pale na kidole changu kilichofungwa, tumbo langu mbele, kazi sina, nikaelewa kwamba zile Jumanne na ule mgongo havikuwa vya Patient. Vilikuwa vyangu. Mwanamke huyu alikuwa ananionea wivu mimi. Nilipaswa kumjibu papo hapo, nikanyamaza kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu ilikuwa tamu. Kisha nikaona machozi yamemjaa, utamu ukaniisha.

"Kwa Naïma," nikasema.

"Naïma ni nani?"

"Anauzishaka mikate. Ku Forest, mbele ya usine."

"Usine ilisha kufungwa."

"Najua."

Alifuta mikono kwenye kitenge. "Twende," akasema.

Alivaa koti na viatu vya kanisani. Kwenye tramu alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma yake kama mfungwa. Tulifika saa tano na nusu na dakika kadhaa. Naïma alikuwa anatoka nje ya kibanda na sahani, anavuta mguu wake wa kulia uliovimba goti. Anakaribia miaka sabini. Amevaa aproni ya marehemu mume wake. Pétronille alimwangalia kuanzia kilemba mpaka kandambili, na nikaona mabega yake yanashuka kidogo.

Dady alisimama haraka, akapangusa kiti.

"Maman Pétronille! Karibu maman. Bukari yako tunaililia mpaka leo."

"Bukari yangu?"

"Si tulikuwa tunakulaka batatu mu usine? Papa Jémima hakukuambia? Hata huyu muzungu anaiota."

Mathieu aliweka mkono kifuani, akasema kwa Kiswahili chake cha kiwandani, "Bukari ya maman, namba moya," kisha akamwigiza msimamizi wetu wa zamani akikuta unga kwenye usukani. Ni mchezo wa miaka kumi, tunaujua wote neno kwa neno. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilipoinua kichwa Pétronille alikuwa ananitazama. Hakutazama Naïma tena, wala mkate aliowekewa. Alikuwa anatazama mdomo wangu.

Tukarudi. Safari hii alikaa kando yangu. Tulikuwa tumeshapita Simonis ndipo aliposema.

"Ule mama hana shida."

"Nilikuambia."

"Ku nyumba hauchekake vile."

Nilitazama nje. Nilikuwa nimezoea kuona wivu kama kitu cha mtu na mtu, kwamba yupo mwingine, mrefu, ana beji, ana nywele nzuri. Sikujua mtu anaweza kuionea wivu meza yenye viti vinne mbele ya geti. Nilitafuta la kumwambia, na nikiwa bado natafuta akaongeza, taratibu, bila hasira, akiangalia mikono yake:

"Na miye ninaamukaka quatre heures et demie. Juu ya mapanya."

Hilo ndilo lililoingia. Saa kumi na nusu alfajiri. Miaka yote niliisikia ile saa ya kengele na kugeukia upande wa pili. Anatoka kitandani gizani, anachemsha maji, anasonga, anafunika, kisha anakwenda kuwanyanyua wazee wa watu mpaka mchana. Kama si bukari angelala mpaka saa kumi na moja na nusu. Mimi nilihesabu Jumanne za Patient, nikahesabu matonge yake, nikahesabu mara alizocheka. Ile saa moja ya usingizi wa mke wangu, niliyoigeuza juu chini kwenye mboji kila siku, sikuihesabu hata mara moja.

Kesho yake nilivunja lile sanduku. Nilizika kila kitu, nikaosha mbao, nikaondoa nyasi mpaka ukutani. Patient alikuja Jumanne, akakuta sumu yake imeanza kuguswa, na wiki mbili baadaye akaja kuvichukua visanduku. Pétronille alikuwa kazini, amerudishiana zamu na Ornella. Nilimpa chai mimi mwenyewe. Kwenye kikombe cha bluu? Hapana. Sijafika huko. Nilimpa glasi.

Sasa Pétronille haamki tena saa kumi na nusu. Ananiacha niende Forest mchana waziwazi, na Jumamosi moja moja tunabeba bakuli pamoja, Naïma naye anakata tonge. Jioni ndiyo zamu yangu. Anaporudi amechoka, miguu anaiweka juu ya kiti, mimi nasonga bukari. Mkono uliofunga milango ya kushoto miaka ishirini na miwili haujui mwiko. Inatoka na mabonge. Siku ya kwanza niliiweka mezani, nikafunika kwa kitambaa kipya, nikakaa mbele yake.

Alikata tonge. Akaliviringisha. Nilimtazama koo.

"Iko na mabonge," akasema.

"Najua."

Akala, akakata jingine. Kisha akaondoka na sahani kwenda jikoni, nikasikia maji yanafunguliwa. Nilingoja mpaka alipopanda juu kuoga. Kisha nikaenda taratibu, nikafungua ule mfuko wa rangi ya machungwa, nikachungulia kama bukari yangu imo.

Hamkuwa na kitu ila maganda ya vitunguu.